Kodi ya Miezi Sita na Mengineyo: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Mpya

Hongera. Umemaliza kupaua, bati linameta hadi barabarani, na kuanzia leo watu wazima wenye ndevu zao watakuamkia "shikamoo mzee" hata kama wamekuzidi umri. Ndiyo raha ya kuwa mwenye nyumba Dar es Salaam. Heshima hii haitolewi na chuo wala haipatikani kwa kura. Inaletwa na vyumba sita, korido katikati na choo kimoja uani.

Tatizo ni kwamba wenye nyumba wapya wengi huanza vibaya. Wapo wanaoandika mkataba kabla ya kushika pesa. Wapo wanaoita fundi siku ileile bomba lilipoanza kuvuja, na hivyo kuwazoesha watu vibaya. Mwongozo huu umeandaliwa ili usije ukaiaibisha fani. Ufuate hatua kwa hatua, na ukimaliza uufiche kabatini, maana mpangaji akiusoma atapata kiburi.

Hatua ya kwanza: Jua ulikotoka

Usidhani cheo chako kimeanza jana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikutambua kwa jina. Lilipoorodhesha mambo ambayo kiongozi wa TANU au wa Serikali hapaswi kuwa nayo, liliitaja nyumba ya kupangisha pamoja na hisa katika makampuni na mishahara miwili. Yaani kile chumba chako cha Manzese chenye dirisha la nondo kiliwekwa kundi moja na mabepari wa dunia. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye, mwaka 1990, aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar, masharti yakalegea, na kiongozi akaruhusiwa naye kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 2005 ile sheria ya 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Atakayeona uhusiano kati ya mambo hayo mawili bila shaka ni mpangaji.

Somo la kuchukua hapa ni jepesi. Ukiulizwa nani kapanga bei, sema ni soko. Soko halina ofisi wala dirisha la malalamiko.

Hatua ya pili: Mchague mpangaji kwa uangalifu

Bachela hafai, ataleta wanawake. Mwenye mke hafai, mke ataleta watoto. Mwenye watoto hafai kabisa, watachora ukuta. Mwanafunzi hana pesa, na akizipata anahamia karibu na chuo. Mwanasheria, askari na mwandishi wa habari ni watu wema, lakini wana tabia ya kusoma karatasi kabla ya kutia saini. Unayemtaka ni mtu mzima aliyeoa, asiye na mtoto, asiye na ndugu mkoani, asiye na redio, mwenye mshahara mzuri ambao kwa sababu fulani haujamwezesha kujenga kwake.

Kazi ya kumtafuta mtu huyo mwachie dalali. Dalali ni mtumishi wa ajabu: anakufanyia kazi wewe, analipwa na mwenzako. Mpangaji atampa kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo atampa hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo vingine vilishapangishwa tangu wiki jana. Na lugha yake utaipenda. Chumba kinachovuja atasema kina hewa nzuri. Akisema maji yapo, ana maana bomba lipo. Akisema kituo cha daladala ni hapo tu, mpangaji avae viatu vya kutembelea.

Usimkatalie mtu mlangoni kwa ukali. Mwangalie kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, halafu umuulize kabila lake, kazi yake na kwa nini anahama anakokaa sasa. Jibu lolote atakalotoa kwa swali la mwisho ni baya. Akisema mwenye nyumba wake ana matatizo, huyo mgomvi. Akisema nyumba ilikuwa nzuri, huyo mwongo.

Hatua ya tatu: Miezi sita mkononi

Hapa ndipo penye moyo wa biashara, kwa hiyo twende taratibu.

Mpangaji atakuja jioni, atakaa kwenye ukingo wa kiti, atakunja mikono na kusema:

"Mzee, mimi mshahara wangu ni wa mwezi kwa mwezi. Ningeomba na kodi nilipe mwezi kwa mwezi."

Nyamaza kidogo. Angalia dari. Kisha mjibu kwa upole:

"Mwanangu, hapa siyo gesti."

Mazungumzo yameisha. Kesho atakuja na miezi sita, na kama sura yake ni ya hofu sana, mwambie siku hizi ni mwaka mzima.

Sasa chukua kalamu. Vyumba sita vya wapangaji, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi sita: ni shilingi 1,800,000, na hakuna aliyelala humo hata usiku mmoja. Ungezitafuta pesa hizo benki wangekuuliza hati ya nyumba, na wewe huna hati, una karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na sahihi ya shahidi ambaye hajulikani aliko. Wangetaka mdhamini. Wangetaka riba. Mpangaji amekukopesha bila hati, bila mdhamini, bila riba, na alipotoka ameaga kwa heshima.

Kwa pesa hizo unapandisha banda la uani, vyumba vitatu. Navyo unavipangisha kwa miezi sita kabla plasta haijakauka, na hizo zinatosha kuanza fremu mbili za duka kule mbele. Wapangaji wa fremu wanalipa mwaka. Mwaka huo unakuwa msingi wa kiwanja chako cha Bunju. Jirani watasema una akili ya pesa, na wewe usiwapinge.

Ipo habari moja ambayo ni lazima uijue ili usishtuke ukiisikia kwingine. Mpangaji wa chumba namba tatu hakuwa na hizo laki tatu mfukoni. Laki moja aliitoa kwenye kikoba, nyingine kwa shemeji, na iliyobaki aliikopa kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, ambao wanamfuata kazini kila Ijumaa. Kwa hiyo ule mkopo wako usio na riba una riba, isipokuwa anailipa yeye. Ukilitazama jambo kwa macho ya wataalamu wa uwekezaji, mwekezaji wa nyumba hii ni chumba namba tatu. Wewe ni mkopaji wake, tena mkopaji anayemgongea mdai wake mlango saa kumi na mbili asubuhi. Jambo hili lisitoke nje ya mwongozo huu.

Akitaka kuondoka mwezi wa pili kwa sababu amehamishwa kikazi, mpe pole. Pesa ikishaingia kwenye tofali hairudi.

Hatua ya nne: Umeme na daftari lake

Nyumba ina mita moja ya LUKU na watu ishirini. Wapangaji watakuomba kila chumba kiwe na sabumita. Kataa. Sabumita huleta ukweli, na ukweli huvunja undugu. Badala yake weka daftari na uite kikao cha korido kila umeme unapokatika.

Kikao huwa hivi. Chumba namba mbili ana friji, kwa hiyo analipa mara mbili. Namba nne hana friji ila ana pasi, na kuna mtu aliisikia ikipigwa usiku. Namba tano ni mlinzi, analala mchana na kukesha lindoni usiku, anaapa kwamba hajui taa yake inavyowaka. Namba sita ana subufa. Namba tatu anasema yeye anachaji simu tu, na simu yenyewe ni ya tochi. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, daftari linazunguka, elfu mbili mbili zinahesabiwa. Hakuna anayeligusa lile friza kubwa lililoko kwenye stoo yenu, linalounguruma usiku na mchana, ambamo mama mwenye nyumba anagandisha barafu za ukwaju za kuwauzia watoto wa mtaa mzima. Friza hilo halimo kwenye hesabu kwa sababu ni la nyumba.

Tangu mwaka 2021 Serikali imekuongezea neema nyingine. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, kisha ikapanda. Kisheria anayedaiwa ni mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni nani? Mpangaji aliyesoma kidogo atakuja na risiti kwenye simu yake, akikuonyesha makato na kukuomba uyapunguze kwenye kodi ya chumba. Mwambie:

"Mwanangu, kwani hiyo mita iko chumbani kwangu? Si iko koridoni?"

Hoja hiyo haina maana yoyote, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuijibu.

Hatua ya tano: Maji na choo

Bomba la uani lifunguliwe kwa ufunguo, na ufunguo ukae kiunoni kwa mama mwenye nyumba, ndani ya pindo la kanga. Maji yakitoka mara mbili kwa wiki, jaza kwanza simtanki lako. Yakikatika, wauzie wapangaji kwa ndoo. Bili ikija mwisho wa mwezi, igawanye kwa vichwa, na watoto wachanga uwahesabu, maana nepi zao zinafuliwa.

Choo kinahitaji falsafa. Watu ishirini, tundu moja, mlango wa bati uliofungwa kwa waya kwa sababu kitasa kiling'oka mwaka juzi. Aliyemo ndani lazima akohoe ili aliye nje ajue. Mgeni asiyejua utaratibu hukohoa kuchelewa. Mpangaji akikuomba kitasa, muulize kama kwao kijijini walikuwa na kitasa. Akikuomba taa, mkumbushe habari ya LUKU. Zamu za usafi zibandikwe ukutani, vyumba vyote viwemo isipokuwa chako, ingawa nyinyi ndio mlio wengi.

Shimo nalo hujaa. Gari la majitaka lina gharama, na mwenye nyumba mzoefu huanza kwa kuwalaumu wapangaji kwamba wanakula sana. Wapo wanaosubiri masika, mvua ya usiku ikishika kasi wakatapisha choo mtaroni, asubuhi wakasimama barazani na majirani kushangaa harufu. Hilo ni kosa, na ndiyo njia ambayo kipindupindu huitumia kuhamia nyumba ya pili bila dalali. Mwongozo huu hauruhusu. Unataja tu ili ukiona mtaro wa Aprili una rangi ile usiulize maswali.

Hatua ya sita: Kanuni na baraza

Geti lifungwe saa nne usiku. Atakayechelewa agonge mpaka mtaa uamke, ili kila mtu ajue tabia yake. Mgeni asilale zaidi ya siku mbili, na akilala, achangie maji. Hakuna kuweka jiko la mkaa koridoni, hakuna kuanika kwenye kamba ya mbele, hakuna muziki. Kijana wako wa mwisho, yule aliyekwama kidato cha nne, haguswi na kanuni hizi. Yeye ni wa nyumbani.

Baraza ni ofisi ya ukaguzi. Kaa pale asubuhi na jioni, ukiwa na kikombe cha kahawa, uangalie kinachoingia. Ukiona kilo ishirini za mchele zinapita, andika moyoni. Ukiona kuku watatu kwa wiki, andika. Siku chumba namba mbili aliposhusha kochi jipya kutoka kwenye Kirikuu, mama mwenye nyumba alisimama akampa hongera, akalibonyeza kwa kidole kuona kama sponji ni ya kweli, akauliza bei. Barua ya kodi mpya ilifika kabla kochi halijatolewa nailoni.

Wataalamu wanasema kodi hupanda kwa sababu tatu: saruji imepanda, umepaka rangi, au mpangaji amenunua kochi. Ya tatu ndiyo ya uhakika zaidi. Rangi unapaka upande wa mbele tu.

Hatua ya saba: Mkataba, sheria na mlango

Mkataba ni karatasi nzuri ya stationari, kurasa mbili, yenye maneno "mpangaji atawajibika" mara nyingi. Neno "mwenye nyumba" lionekane mahali pa kupokea tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayohusu upangishaji, yenye mambo ya notisi, haki ya mpangaji kukaa kwa amani, na wajibu wa mwenye jengo. Lipo pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa wenye migogoro. Habari hizi si za siri, lakini hazisomwi barazani, na wewe huna sababu ya kuwa wa kwanza kuzisoma.

Kwa asili mwenye nyumba ana notisi zake. Ya kwanza ni ya kistaarabu: "Kijana wangu anarudi kutoka masomoni, nitakihitaji kile chumba." Kijana huyo amerudi kutoka masomoni mara nyingi kuliko mtu yeyote nchini, na kila akirudi chumba hupakwa rangi na kupangishwa kwa bei nyingine. Ya pili ni kukata umeme wa chumba kimoja. Ya tatu ni kung'oa mlango na kuupeleka kwa fundi, ambako utakaa mpaka mpangaji achoke kulala akitazamwa. Mjumbe akiitwa, mwambie unafanya ukarabati. Ndiyo ukarabati pekee utakaoufanya mwaka huo, kwa hiyo si uongo mtupu.

Mpangaji wa fremu atakuletea habari ya kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango ambayo anapaswa kuikata na kuipeleka TRA. Msikilize mpaka mwisho, mpe pole, halafu mwambie hayo ni yake na TRA, wewe unataka yako kamili. Akiomba risiti, muulize kama hakuamini.

Hatua ya nane: Ukifa

Usiandike wosia. Wosia huondoa utamu. Ukiondoka bila kusema lolote, wapangaji watapata wenye nyumba wanne kwa mpigo. Mtoto wa kwanza atakuja kuchukua kodi kama mkubwa wa familia, wa pili kama aliyekuuguza, shangazi yao kama damu ya marehemu, na mke mdogo ambaye msibani alikaa nyuma atakuja na cheti cha ndoa. Mpangaji akilipa huku, kule anadaiwa. Mirathi ikichukua miaka, hakuna atakayepiga hata msumari, maana kila mmoja anasubiri aone kama nyumba ni yake. Mwishowe itauzwa, wapangaji watapewa siku saba, na watoto watagawana pesa isiyotosha kujenga hata banda la uani.

Hatua ya mwisho: Jinsi ya kumpoteza mpangaji mzuri

Kila nyumba ina mmoja. Analipa kabla ya tarehe, anafagia korido siku isiyo yake, na mlipofiwa ndiye aliyekesha jikoni na masufuria. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu kweli amewaponya, maana banda la uani, fremu na nusu ya kiwanja cha Bunju vimetoka mfukoni mwake. Kumpoteza kunahitaji juhudi, lakini inawezekana.

Anza kwa kumkatalia kitasa cha choo. Bei ya kitasa, bawaba mbili na fundi haifiki hata kodi ya mwezi mmoja ya chumba chake, ila unalinda msimamo. Mwezi unaofuata mpandishie kodi kwa sababu hajawahi kulalamika. Yeye hatagombana. Atakuja jioni moja, atasema, "Mzee, nashukuru kwa yote, tumeishi vizuri," na Jumamosi Kirikuu itapakia kitanda, sufuria na sanduku la nguo. Ukipeleleza utasikia amehamia Chanika, kwenye pagale lake mwenyewe, dirisha la maturubai, halina umeme. Choo chake kina kitasa.

Chumba kitakaa wazi. Mwezi wa kwanza utasema unachagua watu. Wa pili utamlaumu dalali. Wa tatu utakuwa umepoteza shilingi 150,000 kwa ajili ya kitasa, lakini hesabu ya aina hiyo haipigwi na mwenye nyumba mwenye heshima zake. Kaa barazani, agiza kahawa, na jirani akikuuliza mambo yanakwendaje, tikisa kichwa umwambie uwekezaji wa nyumba siku hizi umekuwa mgumu, wapangaji hawana shukrani.